Dominika Mbichi na Ndafu wa Izia

Saa mbili asubuhi, Jumamosi ya Julai, baridi ya Sumbawanga bado inauma masikio. Nyuma ya nyumba moja katika kata ya Izia, mwanamke amechutama mbele ya jiko kubwa la bati, amejifunika kitenge kichwa kizima. Kitenge kinatikisika. Kutoka ndani inasikika sauti ikisema, "Bado. Bado kidogo. Haya, tulia hapo hapo."

Jirani anayepita na ndoo ya maji anasimama. "Pole mama, mafua yamekubana? Umeweka na mchaichai?"

"Sijifukizi, naangalia moto!" inajibu sauti, na kitenge kizima kinaanza kucheka.

Mwenye kitenge ni Dominika Msangawale (41), mchoma ndafu, yule mbuzi mzima anayepamba meza za harusi. Tofauti yake na wenzake ni kwamba anachoma kwa gesi, nje, uwanjani, kwenye jiko alilochomelewa na fundi Maximilian wa hapo Izia. Ndani ya jiko hilo yamelala mabomba manne yenye matundu, na kila bomba lina swichi yake. Mdomoni mwa kila bomba kuna kipande cha bati cha kuongeza au kupunguza hewa.

Kitenge ni kwa sababu ya jua. Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, na jua likishatoka hauonekani. Asiyejifunika hurekebisha kitu asichokiona.

"Wengi wanafungulia swichi mpaka mwisho, wanaona wamemaliza," anasema. "Moto wa njano unapendeza macho lakini mwongo. Umekosa hewa huo, unapaka masizi na nyama haiivi. Ukiupa hewa kupita kiasi nao unanguruma, unarukaruka, halafu upepo wetu huu ukipita unauzima. Mimi nautaka mfupi, wa buluu, umetulia kama mtoto aliyeshiba."

Utaalamu huo haukumjia bure. Kwa miaka mingi alichoma kwa mkaa jirani na stendi ya mabasi, akikohoa na kutoka machozi. Alipohamia gesi, ndafu wake wa kwanza alifika mezani bega limeungua na paja linatoa damu. Watu wa mjini hapa hawajambo kwa kutunga majina. Kufikia Jumatatu alikuwa anaitwa Dominika Mbichi.

"Hata sokoni waliniita hivyo. Nikiuliza bei ya nyanya naambiwa, Mbichi, unataka mbivu au za kwako?" anasimulia, akicheka sasa, ingawa anakiri kuwa wakati ule haikumchekesha hata kidogo. Kazi ya ndafu, iliyokuwa ikimpa shilingi elfu hamsini kwa mbuzi mmoja, ilikatika kabisa. Akabaki na samaki na vipapatio vya kuku.

Harusi ya Jumamosi hii ndiyo ndafu wake wa kwanza tangu siku ile. Kazi aliipata kwa sababu Monika, mama wa bwana harusi na mwanajumuiya mwenzake kanisani, alimtetea mbele ya kamati mpaka sauti ikamkauka. Akiharibu tena, hakuna atakayemtetea mara ya pili.

Mbuzi mwenyewe, ameshachinjwa, aliletwa na baba wa bibi harusi, mzee Limbu, mfugaji wa Muze mwenye asili ya Shinyanga. Alipanda na mbuzi wake kutoka bondeni, akashuka kwenye gari na koti lake jeusi, akaliangalia jiko, kisha mtungi wa gesi.

"Shikamoo baba," Dominika alimwamkia, akikunja magoti na kupiga makofi taratibu kama walivyomfundisha wazee wake.

"Marahaba. Tangu nizaliwe sijaona mbuzi akichomwa na mtungi. Na ndiyo wewe wanayekuita Mbichi?"

Monika, aliyekuwa kando, alitaka kujibu. Dominika akamshika mkono.

"Ndiyo mimi, baba. Ila kabla ya mbuzi, naomba unipime kwa mkate."

Hiyo ndiyo njia aliyoibuni baada ya aibu yake. Hupanga slesi za mkate juu ya wavu wote, hufunika, husubiri kidogo. Zikigeuka rangi moja, moto uko sawa. Panapoungua au kubaki peupe, ndipo penye tatizo.

Alipofunua, slesi za mabomba matatu zilikuwa na rangi ya karanga. Za bomba la nne zilikuwa nyeusi kwa masizi upande wa chini, na upande wa juu baridi. Mzee Limbu aliokota moja, akaigeuza, akaitia mfukoni mwa koti.

"Ushahidi," alisema, akaenda zake kukaa.

Dominika alifunga gesi, akasubiri bomba lipoe, akalichomoa. Ndani buibui alikuwa amejenga nyumba yake, imeziba njia ya hewa. "Samahani, mpangaji, leo kuna harusi," alimwambia, akamtoa kwa spoku ya baiskeli iliyozungushiwa kitambaa. Akalirudisha bomba, akasogeza kipande cha bati unywele mmoja hivi, akakinga upepo kwa mabati, akaingia tena chini ya kitenge.

Mkate wa pili ulitoka rangi moja, ncha hadi ncha. Majirani walikuwa wameshafika na vikombe vya chai, na mwandishi naye hakubaki nyuma. Mbuzi alipanda jikoni tumeshashiba mkate.

Jioni ukumbini, ndafu aliingia kwa vigelegele, majani mdomoni, ngozi ikimeremeta. Hellena, bibi harusi, akamlisha baba yake kipande cha kwanza. Mzee akatafuna. Akaongeza. Alipopewa kipaza sauti atoe nasaha, aliingiza mkono mfukoni, akainua juu slesi nyeusi.

"Huu ni ushahidi. Nilipanga kumshitaki mama mmoja hapa hapa mbele yenu," alisema. "Nimekula bega, nimekula paja. Nimetafuta pabichi mpaka nimeshiba. Kesi nimeifuta!"

Ukumbi ukalipuka. Dominika, aliyesimama mlangoni na aproni yake, alilia waziwazi, kitenge kikapata kazi ya pili.

Mzee Limbu ameshampa kazi ya harusi ya binti yake wa pili, Debora, huko Muze baada ya mavuno ya mpunga. Dominika alimwomba ile slesi aitundike ukutani, mzee akagoma.

"Kule bondeni ni joto, hakuna upepo kama wetu. Nitajifunza moto upya," anasema kwa furaha. Kisha anaonyesha kona ya uwanja wake atakapojenga banda la kuuzia nyama. Kibao ameshakiagiza: KWA MBICHI, kwa rangi nyekundu.

Kwa nini jina hilo, anaulizwa.

"Limenila miaka miwili. Sasa na lenyewe linilishe," anajibu, akishika mkate mwingine. "Mtu akilisoma, aogope kidogo. Halafu aonje."