Mtaro Uliosafishwa Kuanzia Juu

Mtaa mzima ulimwita Bi Sepetu, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa mtaro wa maji ya mvua unaoteremka kutoka nyumba za juu hadi bondeni, na hakuna mwanamume aliyeweza kumfundisha kuzoa tope. Walijaribu wawili. Walipewa maneno yao, wakanywea.

Kanuni yake ilikuwa moja, aliyoachiwa na baba yake: kazi inaanzia chini. Unafungua kwanza mdomo wa bondeni, pale mtaro wa mawe unapoishia kwenye mfereji wa nyasi, kisha unapanda nyumba kwa nyumba. Ukianzia juu, maji yanashuka mbio, yanakuta njia imeziba, halafu yanachagua mlango wa mtu.

Nyumba ya mwisho kule chini ilikuwa ya dada yake. Kila mwaka kazi ilianza kwa chai kibarazani kwa dada mtu, na utani usiokwisha. Mwaka huo hapakuwa na chai. Dada alikuwa amempa mke wa mwanawe cherehani ya marehemu mama yao bila hata kuuliza, na Bi Sepetu akavimba. Miezi minne hawakusemezana.

Siku ya usafi ilipofika, watu wakashika njia ya bondeni kama kawaida. Bi Sepetu akawasimamisha.

"Leo tunaanzia juu. Chini tutamalizia Jumamosi ijayo."

"Kulikoni tena?" aliuliza mwashi mmoja.

"Wewe umekuja kufanya kazi au kunihoji?"

Mwashi akainama, akazoa. Ukweli ni kwamba Bi Sepetu hakutaka kuonana na dada yake uso kwa uso, basi. Utoto mtupu, kwa mwanamke wa miaka hamsini na minane.

Mvua haikungoja Jumamosi. Ilinyesha Alhamisi tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri maji yalikuwa yakiteremka kwenye mtaro safi kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Nyumba za juu hazikupata hata tone sebuleni. Bondeni yaligonga tope na magugu ya mwaka mzima, yakapanda, yakaingia kwa dada. Majirani walimtoa wamembeba mgongoni, maana magoti yake yalikuwa yamekwisha. Ukuta wa nyuma ukalala, chumba cha kulala kikaenda nao.

Kesho yake watu wa juu walimpongeza Bi Sepetu barabarani. "Mwaka huu umetuokoa, mama!" Kila pongezi ilimchoma. Wao walizoea tu kumfuata. Hawakuwahi kujiuliza kwa nini huanzia chini. Aliyejua, mbali na yeye, alikuwa dada yake.

Alimkuta ameketi juu ya godoro lililoloa, mwanawe wa kiume akipakia vyombo kwenye gari. Alikuwa anamhamishia kwake, safari ya siku nzima.

"Ulianzia juu?" dada aliuliza.

"Ndiyo, dada. Nisamehe."

"Kwa sababu yangu?"

Bi Sepetu alilia tu. Dada alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Si ungekuja unitukane, mdogo wangu," alisema. "Matusi yako ningeyaweza."