Kitambaa cha Kuepulia Chai

Nyie vijana mtakaosoma haya, wekeni hizo simu chini kidogo mkae sawasawa. Mimi shule niliiacha mapema, nikaitwa shambani kupalilia ufuta, na kalamu nimejifunza kuishika tena ukubwani. Msinihesabie makosa. Someni tu.

Juzi mjukuu wangu kaja na lori lake, lile kuukuu alilonunua kwa ajili ya msimu wa korosho, akaliegesha uani kwangu. Nyuma yake kaja fundi na mfuko wa spana. Wakafunua uso wa gari, wakainama, wakawa wananong'ona kama wakunga. Nikawauliza, "Mnatafuta nini humo?"

"Bibi, gari halina nguvu," akasema mjukuu. "Likipakia, kilima linakitazama tu. Tunataka tuliongezee mafuta, na ikibidi tulifunge tabo."

"Tabo ndiyo nini?"

"Feni ya kusukumia hewa kwenye injini, Bibi. Gari linakuwa kichaa!"

Kichaa cha gari mimi nakijua tangu sijaota meno ya pili. Harufu ile ya dizeli na vumbi jekundu ikanipeleka moja kwa moja hadi kilimani kwetu, kwenye njia ya kutoka Milola kwenda Lindi mjini, ambako Bibi yangu alinilea.

Bibi alikuwa na mafiga kando ya barabara, chini kabisa ya kilima. Hapo alipika chai ya mchaichai kwenye sufuria kubwa, na vitumbua, na mihogo ya nazi. Hapakuwa na kibao wala meza. Palikuwa na kilima, basi. Lori la njia ile lilikuwa moja, zee, na likishapakia korosho na watu juu ya korosho, halikuweza kupanda na wote. Likifika kwetu dereva anapiga honi, abiria wanashuka, anabaki mgonjwa au mja mzito. Gari linapoa, watu wanakunywa chai. Kisha linaanza kupanda kwa gia ya kwanza, na abiria nyuma yake kwa miguu, wanapiga soga.

Sisi watoto kazi yetu ilikuwa magogo. Tulikimbia kando ya matairi ya nyuma na gogo mkononi, na lori likizimika tunalisukumiza gogo chini ya tairi, lori lisirudi nyuma. Mtasema ilikuwa hatari. Ilikuwa hatari. Lakini tulilipwa muhogo.

Bibi alilisikia likiwa bado mbali kwenye mikorosho. Likikohoa kikohozi kizito, ananiambia, "Leo limejaa. Ongeza unga." Mafiga yale ndiyo yaliyotuvisha, ndiyo yaliyotia chumvi na mafuta ya taa ndani ya nyumba. Shamba lilitupa chakula, kilima kilitupa mengine yote.

Basi siku moja mbuzi wa jirani akaanza kupanda sambamba na lori. Akalipita. Akafika juu, akala majani, akageuka kulitazama. Abiria walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamwambia dereva, "Kaka, korosho mfungie mbuzi, wewe ubaki unachunga lori!"

Kicheko kile kilimchoma dereva. Alipofika mjini akaenda kwa fundi, fundi akachukua bisibisi akazungusha skrubu ya pampu, injini ikawa inamwagiwa mafuta mengi kuliko zamani.

Safari iliyofuata tulisikia ngurumo. Bibi akakunja uso. Lori likatokea kwenye kona, moshi mweusi kama wa kuchoma shamba, honi inalia, abiria huko juu wanatupungia mikono ya kwaheri, meno nje. Likapita. Likapanda kilima na watu wake wote. Bibi kasimama na mwiko mkononi, sinia la vitumbua limejaa.

Tulikula vitumbua mchana, tukala jioni, tukala kesho yake. Nilidhani hiyo ndiyo pepo, hadi vikanitoka puani. Jirani, yule mwenye mbuzi, akachungulia juu ya ua. "Shoga, naona biashara imepanda mlima bila wewe!"

"Ikipanda itashuka," akajibu Bibi.

Haikushuka. Lori lilipita tena, na tena. Bibi akaacha kuloweka mchele. Chumvi ikaisha, tukala mboga chapwa. Nilikuwa nikimsikia akiomba dua kwenye mkeka wake, hakuwa akilalamika, alisema na Mungu kama mtu anayeulizia kazi.

Ndipo siku moja mume wa jirani akarudi kutoka safari, vumbi mpaka kwenye kope, anafoka. "Gari gani lile! Huku chini linakimbia kama limeiba, likifika mlima wa pili maji yanatokota kwenye rejeta kama ya ugali. Tumekaa juani hadi adhuhuri, hata tone la kunywa hakuna!"

Bibi alikuwa anapepeta mtama. Ungo ukasimama. "Mlima wa pili?"

"Mlima wa pili."

"Na chai hakuna?"

"Chai itoke wapi kule porini, dada yangu?"

Bibi akanigeukia. "Loweka mchele."

Siku ya lori tuliswali alfajiri tukaondoka. Tulibeba sufuria, unga, nazi, ndoo za maji. Hata mafiga tulibeba, maana Bibi hakuyaamini mawe ya ugenini. Shingo yangu mpaka leo inakumbuka. Tulipofika mlima wa pili tukawasha moto, na chai ilipoanza kunukia, lori likaja likifuka mvuke mbele na moshi mweusi nyuma, likazima.

Dereva akaruka chini, akatuona, akashika kichwa. "Bi mkubwa! Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Haina rejeta hii."

Abiria wakapasuka kicheko. Dereva akajikaza. "Mama, nisaidie maji, lori linakufa."

"Maji hayo hapo kwenye ndoo, ni ya Mungu, chukua. Chai ndiyo yangu."

Wakati huohuo chai ikapanda ikaanza kumwagika motoni. Bibi akapapasa kutafuta kitambaa cha kuepulia sufuria. Hakipo. Kwa haraka zetu tulikisahau nyumbani, na kanga aliyojifunga ilikuwa mpya. "Dereva, huna kitambaa wewe?"

Dereva, mikono imejaa ndoo, akaniambia mimi, "Binti, panda pale mbele. Kuna kipande cha kanga nimekifunga kwenye mdomo wa hewa, injini isimeze vumbi. Kivute, nitafunga kingine."

Nikapanda, nikakivuta. Kilikuwa kizito kama kigae. Hakikupitisha hata mwanga, kimegandwa na udongo wa kiangazi kizima. Nikakipiga kwenye jiwe mpaka nikakohoa, nikampa Bibi, akaepua chai yake.

Watu wakanywa, wakala, wakasifu. Injini ikapoa. Na dereva, kwa utamu wa vitumbua, akasahau kufunga kitambaa kingine. Alipowasha, wote tuligeuka. Lilikuwa na sauti nyingine kabisa, nene, ya mtu aliyelala vizuri. Moshi ukawa mwembamba. Likapanda ule mlima kama linateremka, likasimama juu, na dereva akatoa kichwa dirishani akapiga yowe, "Limeponaaa!"

Aliporudi kutoka mjini alikuja kukaa kwenye mafiga yetu, anajicheka mwenyewe. Fundi keshairudisha ile skrubu ilipokuwa, na lori bado lina nguvu, wala halichemshi. "Bi mkubwa, kumbe nililiziba pua mwenyewe, halafu nikalipeleka kwa fundi likashindiliwe chakula!"

Bibi alicheka mpaka machozi. Kisha akakitazama kile kitambaa kilichoning'inia ukutani, kicheko kikaisha. "Mimi ndiye niliyelizibua," akasema. "Sasa litasimama wapi?"

Siku ya safari alipika hivyo hivyo, palepale chini ya kilima. Tukalisikia linakuja. Halikohoi. Likapita kona, halipunguzi mwendo, na Bibi hakuinua hata macho. Mara tukasikia bodi la lori linapigwa kama ngoma ya unyago. Abiria wote wanagonga kwa ngumi. "Simama! Wewe! Chai! Simamaaa!"

Breki zikalia. Mzee mmoja wa korosho, mwenye tumbo, akateremka wa kwanza huku anamfokea dereva, "Lori lina nguvu, sawa. Sisi tuna njaa!"

Wakanywa, wakala. Na walipomaliza, sikilizeni hapa, hawakurudi juu ya lori. Waliliacha litangulie tupu, wakapanda kilima kwa miguu, wanapiga soga kama zamani, nalo likawangojea juu. Sisi watoto tukawafuata na magogo yetu yasiyo na kazi. Na muhogo tulipewa.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kilima kimechongwa, kimepunguzwa, magari yanapita huku yamefunga vioo. Pale palipokuwa na mafiga pameota nyasi. Figa moja nililikuta mlangoni kwa mtu, wanalifanya ngazi. Nilitaka kuliomba, nikaona watoto wake wanalikalia wakila, nikaliacha.

Sasa nirudi uani. Fundi alikuwa keshashika bisibisi. Nikamwambia aiweke chini, nikawaita wote wa nyumbani kwangu, wakubwa kwa wadogo, na hivi ndivyo nilivyowaambia: "Hakuna wa kugusa skrubu ya pampu kabla mdomo wa hewa haujafunguliwa ukasafishwa, na rejeta ikaoshwa. Tabo mtanunua baadaye, kama bado mtaitaka. Na lori likishapona, hata likiwa na nguvu za tembo, likifika chini ya kile kilima cha Bibi lisimame, watu washuke wanywe chai. Wewe mkaza mwana, loweka mchele."