Pua ya Awowe

Muhula wa pili, kidato cha tatu, mwalimu wa kilimo alitupa mradi wa magonjwa ya mifugo. Ni mtu wa bara, mpole. Alitutaka tuugawe ukurasa kwa mstari: kulia sayansi, kushoto imani za jamii.

Nilimuuliza awowe, yaani babu yangu, anayeishi nasi hapa Waberi. Akasema ngamia mwenye dhukaan, ugonjwa unaoletwa na nzi, hutambuliwa kwa mkojo. Unachota mchanga uliolowa, unanusa. "Ukinusa mara moja, hutasahau." Nikaandika upande wa kushoto. Sikufikiri sana.

Jioni akataka nimsomee. Nilipofika "imani za jamii" akacheka bila kufungua mdomo.

"Wallahi, hapo hapo ndipo waliponiweka."

Ndipo nikajua habari za chuo chake. Ujanani alipelekwa nchi moja ya kisoshalisti, yenye theluji, kusomea udaktari wa mifugo. Walimwita ndugu. Ukutani palikuwa na picha ya watu wa rangi zote wameshikana mikono, na wageni walipokuja, yeye mweusi ndiye aliyesimamishwa mbele apigwe picha. Ubaguzi, waliambiwa, ni wa mabepari. Lakini siku aliposimulia habari ya mkojo, profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Ndugu, mmeletwa hapa ili myasahau hayo."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika walichotaka, nikafaulu." Akanitazama. "Na wewe, nani amekulazimisha?"

Kesho yake nilinakili ukurasa upya, mkojo nikauhamishia kulia. Mwalimu akausoma kwa sauti darasani. Mimi sipendi kutazamwa.

"Hii imetoka kitabu gani?"

"Kwa awowe."

"Profesa wa mikojo!" mtu akasema nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Hakuweka alama pia. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: Chanzo? "Bila chanzo, nairudisha kushoto," akasema, akanipa daftari.

Nikaketi, masikio yakiwaka. Niliandika jina la awowe, la baba yake na la babu yake, kama waandishi wa vitabu wanavyoandikwa. Kando nikaweka: daktari wa mifugo, mchungaji wa ngamia. Nikafuta. Nikaanza na mchungaji.

Halafu nikainuka, wakiwa bado wananicheka, nikalipeleka daftari mbele.