Nusu Chupa Kutoka kwa Wifi

Nakumbuka siku moja, Jumamosi ya mawingu pale mtaani Jericho, msichana aitwaye Wanza aliingia saluni ya shangazi yangu Wairimu akiwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mimi nilifanya kazi hapo ya kuosha vichwa na kuchochea makaa ya kupashia machanuo moto. Mtu akijifunga kichwa hivyo na hakuna baridi, mimi hushuku. Niko hivyo tangu utotoni. Hata leo, mwanangu, ukiniletea zawadi nitaifungua ukiwa umesimama papo hapo.

Alipofungua kitambaa nikaelewa. Miaka hiyo, ya sabini ikielekea themanini, baadhi ya wasichana wa mjini walikuwa wakitia nywele dawa zikawa za manjano kama nyuzi za hindi bichi. Wanza alikuwa mmoja wao, lakini miezi ilikuwa imepita na nywele mpya zilikuwa zimeota nyeusi tii. Mashinani nyeusi, juu manjano, na kati yake mstari ulionyooka kana kwamba amevaa kofia. Kesho yake mama ya mchumba wake Mutua, pamoja na wajomba, walikuwa wanatoka Machakos kuja kumwona kwa mara ya kwanza. Wanza alitaka weusi wote upotee siku hiyohiyo.

Akatoa chupa mkobani. Haikuwa na jina na ilikuwa imejaa nusu tu. Alisema amepewa na Nduku, dada ya Mutua, aje apakwe mashinani.

Wifi mtarajiwa, mwanangu! Nikajiuliza, nani humpa mtu zawadi nusu? Isitoshe, nilikuwa nimesikia sokoni kwamba Nduku alimtakia kaka yake msichana mwingine. Maneno ya sokoni si ya kuapia, najua, lakini pia wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaitazama ile chupa kama ninavyotazama uyoga nisioujua.

Shangazi naye hakuwa mwepesi wa kuamini, ila shaka yake ilikuwa na utaratibu. Alinusa chupa, akakunja uso, akasema hapaki kitu kichwani mwa mtu kabla ya kukijaribu kwenye kishungi kidogo cha nywele za mtu huyo, kikatwe nyuma ya sikio ambapo hapaonekani.

Hapo Wanza akasimama. Lazima ujue kwamba mitaani kwetu wateja hawakuacha nywele zao saluni. Mtu alikusanya hata zile zilizobaki kwenye kitana, akazifunga kwenye gazeti na kwenda kuzichoma kwake, maana zikishikwa na mbaya wako anaweza kukuroga. Na sasa kuna mtu anataka kuzikata makusudi, siku moja kabla ya wakwe kuja.

"Mama, nywele yangu siwezi achia mtu," alisema. "Hata wewe sikujui vizuri."

Shangazi hakukasirika. Alimpa makasi akate mwenyewe, Wanza akakifunga kishungi kwa uzi, akakiweka kwenye kisahani juu ya magoti yake. Shangazi alimimina tu ile dawa, tena polepole, Wanza akiona. Kisha tukangoja. Wanza alimtazama shangazi, mimi niliitazama chupa, na shangazi alikitazama kishungi.

Chai yetu ilikuwa bado haijapoa shangazi alipomwambia akivute. Kilikatika katikati kama uzi uliooza. Wanza akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia. Alisema angeamka na upara mbele ya mama mkwe, na nani angemwoa msichana anayenyonyoka kama kuku?

 Nikafungua mdomo kumwambia kuhusu Nduku, lakini shangazi akaniwahi, akanivuta nyuma penye karai la maji.

"Chupa tumeipima," alininong'oneza. "Nduku umempima wapi?"

Nikatii, lakini kwa shingo upande. Sikusadiki hata kidogo. Nilijua nilichojua.

Shangazi akarudi kwa Wanza, akamwambia weusi ni wake na hauna aibu. Kinachomfichua ni ule mstari tu. Akachanganya rangi yake mwenyewe ya kahawia iliyokoza, akaijaribu hiyo pia kwenye kishungi kingine, kikabaki imara. Kisha akagawa nywele mafungu membamba. Kila fungu alilichana kinyume, kuelekea kichwani, mpaka zikabaki nje nywele chache tu, na hizo ndizo alizozigusa kwa mswaki mkuukuu, pale weusi ulipokutana na manjano. Hapa alishusha rangi upana wa kidole, pale vidole viwili, jirani yake robo kidole, mradi pasiwe na mstari. Karibu na uso aligusa kidogo zaidi. Zilipooshwa na kukauka, weusi uliingia kwenye kahawia na kahawia kwenye manjano, nawe usingeweza kusema ni wapi. Wanza alijitazama kiooni muda mrefu. Alivichoma vile vishungi kwenye makaa yetu kwa mkono wake, akasubiri mpaka harufu ikaisha, ndipo akaondoka.

Jumanne, mwanamke mwingine akaingia, kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Nduku; nilimjua kwa sura kutoka sokoni. Nikasema moyoni, huyu amekuja kukagua kazi yake.

Hakuketi. Alifungua kitambaa, na mbele yote, kutoka utosini hadi kwenye paji, palikuwa pamenyonyoka, na ngozi ina vidonda. Alisema dawa aliinunua kwa mchuuzi wa kupita. Aliigawa sehemu mbili ili yeye na Wanza wafanane siku ya wageni, na Jumamosi jioni akajipaka nusu yake nyumbani. Jumapili alijifungia akisema anaumwa.

"Msinishughulikie mimi kwanza," alisema. "Yule msichana wa Mutua alisema atakuja kwenu. Nywele zake ziko?"

Mwanangu! Ile nusu iliyonitia shaka ndiyo iliyokuwa upendo wenyewe. Lile neno nililozuiwa kulisema, Wanza angelibeba mpaka mbele ya wakwe, na maji yakimwagika hayazoleki. Shangazi alimkalisha Nduku, akamtuliza, nami nikamwosha vidonda kwa maji ya vuguvugu bila kumtazama usoni. Wanza ndiye aliyemfunga vitambaa mpaka nywele zikaota tena.

Basi sikwambii uache kushuku. Mji huu humla anayeamini kila chupa. Shuku, nusa, kata kishungi, jaribu mbele ya mwenyewe akiona kwa macho yake. Lakini ukishaijua chupa, usijidanganye kwamba umemjua aliyeitoa. Moyo wa mtu haukatwi kishungi. Mpaka utakapomsikia kwa kinywa chake, neno lako lifunge kwenye gazeti, ukalichome kwako.

Mungu akupe pua kali ya kunusa, na ulimi mzito wa kuhukumu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayeshukiwa, akuwekee mtu kama shangazi Wairimu penye karai la maji.