Sauti ya Cleophus Ilikwenda Wapi

"Leo jioni nikifungua mdomo, hata mkuu wa polisi wa kaunti atalia. Asipolia, anikamate."

Cleophus Yarbrough aliyasema hayo redioni, asubuhi ya maonyesho ya kaunti, Septemba 1973, akiwa na suti ya rangi ya pichi na santuri moja tu duniani. Mtu mweusi kutamka maneno hayo kwenye redio ya kaskazini mwa Alabama, mwaka ule, alihitaji wazimu au sauti. Cleophus aliamini anavyo vyote viwili.

Mkuu wa polisi alikuja kweli. Hakulia. Alipanda jukwaani katikati ya wimbo wa tatu, akamshika Cleophus kiwiko, akamshusha taratibu kwa usalama wake, maana watu walikuwa wameanza kurusha magunzi ya mahindi. Kiangazi kizima walikuwa wamemsikia redioni akiimba kwa sauti nyembamba, tamu, iliyopanda juu bila kutoka jasho. Sasa mbele yao amesimama jamaa anaunguruma kama lori lenye mzigo wa magogo. Maneno ni yale yale, wimbo ni ule ule, ila mdomo si ule.

"Siye huyo!" wakapayuka. "Tuleteeni mwenyewe!"

Mwenyewe ndiye alikuwa yule.

Baada ya siku hiyo Cleophus alijaribu kuimba kama anavyoimba kwenye santuri yake. Alikunywa asali na siki. Alikunywa tapentaini na sukari, dawa ya bibi yake, akakaa chooni mpaka Jumapili. Daktari akammulika kooni, akasema koo hilo ni zima kama la nyumbu. Hata hivyo, noti za juu hazikuja. Cleophus mwenyewe, santuri ilipofika kwa posta mara ya kwanza, alikuwa ameisikiliza akashtuka: huyu nani? Lakini kila mtu alimwambia hakuna binadamu anayeitambua sauti yake ikitoka kwenye mashine. Akakubali. Akahitimisha kwamba ile ilikuwa sauti yake kweli, ilimtembelea siku tatu studio, kisha ikaenda zake.

Basi akaacha kuimba. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, akaanza kuuza karanga za kuchemsha kando ya kituo cha mafuta cha Harpe Creek. Kanisani alikaa benchi la nyuma akichezesha midomo tu, kama samaki. Hakuwa mtu wa kinyongo. Kilichomkera ni swali moja, nalo lilimkera kila siku ya Mungu: ilikwenda wapi?

Dub Hargett, rafiki yake, alipita kibandani kila asubuhi kulichokonoa swali hilo. Dub alikuwepo kwenye umati wa 1973, na mpaka leo anakana kurusha gunzi.

"Mzee wa redio! Sauti imerudi?"

"Imepiga simu. Iko Ubelgiji."

Hilo halikuwa utani mtupu. Albamu ile, *Nitatubu Jumatatu*, nyumbani ilizama kama jiwe, lakini miaka ya karibuni Wabelgiji waliipata kwenye masanduku ya minada wakapagawa nayo. Walisema ni muziki wa kijijini ulioimbwa na malaika mwenye dhambi. Waliuziana nakala chakavu kwa bei ya gari la mtumba. Malaika mwenyewe alikuwa Harpe Creek anakoroga sufuria.

Ndipo akaja Tess Okrent kutoka Chicago, binti mwenye suruali ya mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Kampuni yake ndogo hutoa upya santuri zilizosahaulika. Studio ya zamani iliungua pamoja na kanda zake, kwa hiyo alikuwa amenyonya muziki kutoka nakala safi kuliko zote alizoweza kupata, akatengeneza santuri ya majaribio. Desturi ya kazi hiyo ni kwamba mwimbaji aisikilize kwanza na kuikubali. Akikubali, kiwanda kinaanza.

"Mimi gramafoni sina, binti," Cleophus akamwambia.

"Ninayo garini, mzee."

"Basi njoo nayo kanisani Jumapili. Usile kitu kabla ya kuja."

Jumapili hiyo ilikuwa Siku ya Kurudi Nyumbani katika kanisa la Mlima Nebo, siku ambayo waliohamia Detroit na Cleveland wanarudi kwa magari wasiyomaliza kuyalipa, na kila mama analeta sufuria ya kumkomoa mwenzake. Meza za ukumbini zilijaa kuku wa kukaanga, maharage ya siagi, na pudini ya ndizi aina tano zinazochukiana. Mchungaji alikubali santuri ya kidunia ipigwe baada ya sala ya chakula.

"Wimbo gani?" akauliza.

"'Mlango wa Nyuma', mchungaji," Tess akasema.

"Mlango wa nyuma wa nini?"

"Wa mke wa mtu."

Mchungaji akafikiri. "Punguza sauti kidogo hapo kwenye kiitikio."

Sindano ikashuka, na ile sauti nyembamba ikajaa ukumbini. Watu wakasahau kutafuna. Cleophus aliinamia sahani yake ya chakula kama mtu anayesomewa hukumu, maana kila alipoisikia alirudi kuwa yule aliyeshushwa kwa kiwiko.

Aliyeinuka ni Ozella, mkewe. Dada Ozella amepiga piano ya kanisa hili tangu miguu yake haijafika chini. Akakaa kwenye piano ya ukumbini, akagusa noti moja, akakunja uso kama aliyeuma limau.

"Bado hauingii," akasema. "Miaka hamsini, bado hauingii!"

"Hauingii wapi, mama?" Tess akauliza.

"Kwenye piano! Nikibonyeza hapa niko chini yake. Nikibonyeza hapa nimeupita. Wimbo umekaa kwenye ufa."

"Labda noti za piano hazijawekwa sawa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Usianze, mwanangu," mama mmoja akasema. "Kwa ajili ya wimbo huo tulishafukuza mafundi wawili."

Na kweli. Mwaka 1974 Ozella alitaka kumsaidia mumewe afanye mazoezi. Aliposhindwa kuufuata wimbo, kanisa likaita fundi wa piano. Fundi akasema piano haina kasoro. Wakamfukuza. Wakaita mwingine, akasema hayo hayo. Kikao cha wazee wa kanisa kikaamua, bila aliyepinga, kwamba mafundi wote wa piano wa kaunti hii ni ndugu na wanalindana. Santuri hakuna aliyeishuku. Santuri ilitoka kiwandani!

Tess hakucheka. Alichomoa kutoka mfuko mmojawapo kidude cha kupimia noti, akakiweka juu ya piano, akamwomba Ozella abonyeze. Akatazama. Akabonyezesha tena. Kisha akatembea hadi kwenye mashine yake, ambayo ina kitufe cha kusogeza ili santuri izunguke haraka au polepole, akairudisha sindano mwanzo.

"Mama, bonyeza noti yako ya kwanza. Usiache."

Akaanza kukivuta kile kitufe, kidogo kidogo. Sauti tamu ikalegea. Ikateremka. Ikapata kifua, ikapata ndevu. Ozella alibonyeza tena na tena mpaka ghafla akaacha kukunja uso, kwa sababu piano na santuri sasa vilikuwa kitu kimoja. Na kutoka kwenye mashine likatoka lile lori la magogo.

Dub alikuwa na paja la kuku njiani kwenda mdomoni. Halikufika.

"Huyo ni Cleo," akasema. "Jamani. Huyo si ni Cleo?"

Tess akaeleza. Zamani watangazaji walikuwa wavivu wa kupiga wimbo unaozidi dakika tatu, na baadhi ya watayarishaji walikuwa na ujanja wao: wanaukimbiza mkanda wakati wa kuuhamishia wimbo kwenye santuri. Wimbo unafupika, na sauti inapanda. Mtayarishaji wa Cleophus, marehemu Royce Pettus, hakumwambia mtu.

Cleophus alisimama. Ubeti wa pili ulikuwa unaanza, akaingia nao, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu yale magunzi. Zilikuwa sauti mbili, ya kijana na ya mzee, na tofauti yake ni mikwaruzo tu. Haikuwa imekwenda popote. Mchungaji alisahau habari ya kupunguza kiitikio.

Walipomaliza kupangusa macho, na wengine pua, Tess akakuna kichwa. "Sasa nina tatizo, mzee. Wabelgiji wameshaagiza ile sauti nyembamba. Ndiyo wanayoipenda. Nikiishusha watasema nimeharibu. Ungekubali tutoe kama ilivyo, halafu mimi nieleze nyuma ya jalada?"

"Hao Wabelgiji," Cleophus akauliza, "kuna hata mmoja aliyepigwa gunzi?"

"Hapana."

"Basi watazoea."

"Wasipozoea, kampuni yangu inakwisha."

"Binti, sikukatazi. Ila ya haraka siikubali. Ukitaka neno langu la ndiyo, mwimbaji awe mimi."

Tess alikula pudini mbili. Kisha akampigia simu mtu wa kiwandani, amwambie asianze.

Santuri ilitoka Aprili, kwa mwendo wake halali. Nusu ya Wabelgiji walilia kwa furaha. Bwana mmoja wa mji wa Ghent aliandika mtandaoni kwamba amefanyiwa utapeli, kwamba huyu siye, kwamba kampuni imemkodi babu fulani amwige Yarbrough mwenyewe. Tess alimsomea Cleophus maneno hayo kwenye simu kwa woga, na Cleophus akacheka mpaka akavua miwani, akamwomba asome tena.

Asubuhi iliyofuata alipanga santuri kumi na mbili kibandani, karibu na sufuria, akazifunika nailoni zisipate mvuke. Anachemsha huku anaimba, na wenye magari wanateremsha vioo. Dub akafika, akainua moja, akaigeuza mbele nyuma, akatafuta la kuchokoza asilipate.

"Unaziuzaje?"

"Dola thelathini na mbili. Aliyerusha gunzi analipa mara mbili."