Nusu Kikombe cha Nabiswa

Ukitaka kumjua Nabiswa wa Makongeni, mwombe chai. Atakuletea kikombe safi juu ya sahani yake, mpini umeelekea mkono wako wa kulia. Ndani, chai nusu. Mwaka wa kwanza wa ujirani wetu nilimtangaza soko lote la Burma kwamba ana mkono wa birika. Baadaye nikaambiwa sababu, nikanyamaza. Msamaha sikuomba.

Sababu ni treni. Miaka ishirini na miwili Nabiswa alihudumu kwenye behewa la chakula, Nairobi kwenda Mombasa na kurudi, na treni ikiyumba kikombe kilichojaa huishia kwenye suruali ya abiria. Akazoea kumimina nusu. Yeye alipostaafu, mkono haukustaafu.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Chakula kile cha jioni, cha supu, samaki, nyama, pudini na kahawa, aliwapelekea watu wasiohesabika, na hakuwahi kukila ameketi. Yeye alikula mwisho, amesimama kwenye kona ya jiko, sahani kifuani. Hakulalamika, maana si mtu wa kulalamika. Alisema tu kwamba kabla hajafa atakula chakula kile kuanzia supu hadi kahawa, yeye kitini, mtu mwingine akitembea.

Mwaka wa themanini na tatu Gachanja, mfanyabiashara ambaye treni aliijua kwa kuipanda mara mbili, akafungua mkahawa Eastleigh akauita Behewa. Chumba kirefu chembamba, viti vya kutazamana, madirisha ya kuchorwa yenye twiga na Kilimanjaro, wahudumu wenye kofia za reli. Hata tiketi ulikatiwa mlangoni. Mimi na Muhiba wa Pumwani, ambaye tunauza naye nguo kibanda kimoja, tukakata shauri: Jumamosi tunampeleka Nabiswa. Mkewe yuko shambani Bungoma, na alituma salamu kwamba tumrudishe akiwa ameshiba.

Alikuja na suti ya kijivu, viatu unaweza kujitazamia. Muhiba alimkalisha dirishani, akamwambia awachunge wale twiga wasikimbie. Nabiswa akacheka, akaegemea kiti kama mwenye reli yake. Aliona uma umewekwa upande usio wake, akausogeza kwa kidole kimoja, akajizuia kusema.

Halafu Gachanja akagonga ile marimba ndogo ya chuma ya kuita watu chakulani. Mlio haujaisha, Nabiswa amesimama. Hakuamua yeye, miguu ndiyo iliyoamua. Mhudumu wetu Ndindi, mwanamke mwenye bidii lakini aliyebeba trei kama mzigo wa kuni, alikuwa anakuja supu ikimwagika. Nabiswa akampokea trei, akalaza kitambaa mkononi, akaanza kugawa. Meza ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho, miguu ameipanua kidogo kwa mtikisiko ambao haukuwepo. Ndindi alimfuata nyuma, na nilimsikia Nabiswa akimfundisha njiani: asijaze, nusu yatosha. Hakuna tone lililoanguka. Watu wakapiga makofi.

Gachanja akatoka mbio na koti jeupe. Alitaka Nabiswa awe mkuu wa wahudumu, aanze sasa hivi. Nabiswa akatabasamu. Nikaona mkono unakwenda kwenye lile koti, na supu yake mezani imeshaanza kufanya utando.

Mimi kunong'ona sikujifunza. "Nabiswa," nilisema, meza zote zikisikia, "kazi hiyo umeifanya miaka ishirini na miwili. Chakula chenyewe utakila mwaka gani?"

"Na ukilivaa hilo koti, shemeji," Muhiba akaongeza, "mimi nitakutuma mpaka viatu viishe."

Alilitazama koti, akatutazama sisi. Akakikunja kitambaa vizuri akamrudishia Ndindi.

"Kazi tutazungumza Jumatatu, bwana Gachanja," alisema. Akatoa tiketi mfukoni akamwonyesha. "Leo mimi ni abiria."

Akaketi, akaagiza supu nyingine, ya moto. Ndindi akaileta kwa upande wa kulia. Kwa sauti ya chini Nabiswa akamwambia azunguke kushoto na abane kiwiko, naye akazunguka. Kufika samaki, mikono ya Ndindi ilikuwa imetulia. Kufika nyama, alikuwa anatembea kama mtu mwenye kazi yake. Mara mbili niliona goti la Nabiswa likitaka kuinuka, mara mbili nikamkanyaga. Pudini aliimaliza yote, yeye ambaye vitu vitamu huwapa watoto wa jirani.

Ikaja kahawa. Ndindi alimimina kwa uangalifu, akakoma katikati ya kikombe, akajivunia kazi yake. Alikuwa ameshika somo.

Nabiswa alikitazama kile kikombe. Akakisukuma kwa Ndindi polepole.

"Jaza, binti," alisema. "Treni imesimama."

Akajaza mpaka ukingoni. Nabiswa alikinyanyua kwa mikono miwili, akanywa bila haraka, hakuacha kitu.

Siku hizi anawafundisha wahudumu wa Gachanja, asubuhi tu, na anafundisha ameketi. Nyumbani kwake hakuna kilichobadilika, ukiomba chai unaletewa nusu. Mimi naomba vikombe viwili.