Siku Tulipomfanyia Msiba Mzee Baluku Akiwa Hai

Nikipita sokoni Bwera, mpaka leo wapo wanawake wanaoniamkia kwa kuniuliza, "Biira, leo umemuua nani?" na mimi hucheka nao, kwa sababu nikinuna watazidi, lakini masikio huniwaka moto, na kama mngekuwepo siku ile mngejua kwa nini.

Niwape habari kwa mpangilio, maana kabla ya kuingia mambo ya sanaa nilikuwa mtangazaji wa redio pale Kasese mjini na siwezi kuanza kisa katikati. Tulikuwa watatu. Mmoja anaitwa Kule, yeye huchomelea vyuma na kuvigeuza sanamu. Kambale ni mchoraji, mtu wa Butembo aliyevuka mpaka na brashi zake na Kiswahili chake cha Kongo ambacho hakijabadilika hata kidogo. Mimi nashughulika na sauti: narekodi, nakata, naunganisha, halafu natafuta mahali pa kuwasikilizisha watu (mama yangu bado anauliza kama hiyo nayo ni kazi). Tukakubaliana kufanya kitu kimoja sote watatu, juu ya namna habari zilivyosafiri huku kwetu toka kilima hadi kilima kabla simu hazijafika: kengele ya kanisa, vigelegele vya harusi, mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na kilio cha msiba. Kule akatengeneza sikio la mabati refu kuliko mlango, akalibandika mabonge ya chumvi ya machimboni Kabatoro mpaka likawa linametameta juani. Kambale akachora nyuso za watu wanaosikiliza, kila uso kwenye shuka lake, za kutundikwa pande zote.

Taabu ilikuwa mahali pa kuonyesha. Kila tulipobisha walitutazama, wakalitazama lile sikio juu ya gari, wakasema watatujulisha. Aliyekubali ni mmoja tu, Mzee Baluku, mgane mwenye shamba la kahawa kwenye mteremko juu ya Bwera. Alitupa ua wake kwa sharti moja. "Fanyeni," alisema, "lakini mukinivunjia heshima hapa kwangu, mutaondoka na mabati yenu siku hiyohiyo." Tukaapa. Mimi ndiye niliyeapa kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

Sasa, ile sauti ya kilio. Niliirekodi kwa wanawake wa kwaya kutoka Mahango, ambao walikubali kulia mbele ya kinasa sauti lakini wakakataa katakata kulilia kwenye nyumba ya mtu yeyote. "Tukilia kwa boma la mutu mwenye iko muzima, tunamuitia nini?" mmoja aliniuliza. Ikabidi tuteremke hadi Mubuku, tukasimama katikati ya majaruba ya mpunga ambako hakuna anayelala, na huko wakalia kilio cha kukufanya utafute kitambaa. Hata yale maneno yao ya kukataa niliyarekodi. Nilirekodi kila kitu. Kuelewa ndiko sikuelewa.

Siku ya kufungua ikafika. Wageni walialikwa waje alasiri, na asubuhi nikaanza kujaribu spika. Ningeweza kujaribu kwa kengele. Ningeweza kujaribu kwa vigelegele. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu, nikajiambia kwamba sauti ya juu kuliko zote ndiyo kilio, na spika ikikibeba bila kukwaruza basi nyingine zitapita tu. Nikaiweka spika ndani ya sikio la Kule, nikafungulia, na nikashuka njiani kwa miguu ili nijue inasikika mpaka wapi. Kumbe mabati yale yaliyokunjwa vile yalikuwa yanaikusanya sauti na kuitupa bondeni kama tarumbeta. Nikafika kwenye kijito, bado naisikia. Nikavuka, naisikia! Nilifurahi, jamani, nilikuwa natembea natabasamu peke yangu.

Hapo nikakutana na wanawake wawili wanatoka shambani mbio, jembe limeachwa huko.

"Sauti inatoka kwa Baluku?" wakaniuliza.

"Ndiyo, kwa Mzee!" nikajibu, nikidhani habari za maonyesho yetu zimeenea. "Njooni wote, waleteni na wenzenu."

Mmoja akanitazama usoni. "Na wewe unacheka?"

Nikamwambia nimefurahi kazi imekwenda vizuri.

(Nimerudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Halijawahi kuwa zuri.)

Nilipokuwa napanda kurudi ndipo pikipiki ya kwanza iliponipita, imefungwa matawi mabichi mbele, kama tunavyofunga tukienda kuzika. Nikaisikitikia familia ya watu. Ikapita ya pili, na matawi. Kisha nikaona mbele yangu mstari wa wanawake wenye mizigo ya kuni kichwani, na mikungu ya ndizi, wanakata kona ileile niliyotaka kukata mimi, na nikaanza kukimbia kabla akili haijafika.

Kambale alikuja ananikimbilia, brashi bado mkononi. "Biira! Batu banakuya na kuni! Bananiambia pole! Minasema pole ya nini, banalia tu!"

"Zima!" nikapiga kelele. "Mwambie Kule azime!"

"Kule anaogopa. Anasema ni mashine yako."

Nilikimbia nikazima. Haikusaidia kitu, kwa sababu waliokuwa wameshafika walidhani waliaji wamechoka, wakawapokea. Ua ulikuwa unajaa. Kijana mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kusimamisha turubai. Mzee mwingine alikuwa analitazama sikio la Kule, akauliza kwa heshima kama hilo ndilo jeneza.

Walikuwa wameamini kwa sababu Mzee Baluku alikuwa na mafua na Jumapili hakuonekana kanisani. Nikapita mlango wa nyuma, nimejiandaa kupiga magoti. Nikamkuta amesimama chumbani, amevaa koti jeusi, anahangaika na kifungo.

"Binti yangu, nisaidie hapa," akasema. "Nasikia jirani wamepatwa. Nani amekufa?"

Nilitafuta namna ya kulisema. Redioni tulifundishwa habari ya kifo itolewe kwa upole, lakini hatukufundishwa kumpa marehemu mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "ni wewe."

Akanitazama. Akachungulia dirishani, akaona kuni, akaona ndizi, akaona matawi. Akarudi kunitazama, na nilijua mawazo yake yanafika kwenye sikio la mabati hatua kwa hatua. Nikaanza kusema nitatoka niwaeleze, nitaomba msamaha mbele ya watu wote, tutapakia vitu vyetu sasa hivi.

"Ngoja kwanza," akasema.

"Mzee?"

"Ngoja nisikie."

Akatoka polepole kwa mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya shuka moja la Kambale, lile lenye uso wa bibi aliyeweka kiganja nyuma ya sikio, na mimi nikajibanza karibu naye kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuificha sura yangu. Tukasikiliza. Mtu akasema Baluku alikuwa mcha Mungu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mwingine akasema alikuwa mgumu wa mkono kidogo, hata ndizi mbivu akikupa atakukumbusha. Mzee akanigeukia akaninong'oneza, "Huyo ni Thembo. Namujua kwa sauti."

Kisha akaingia Mama Masika. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na yeye na Mzee walikuwa wamegombania mpaka wa kahawa tangu sisi hatujajua kusoma; hawakusalimiana hata kanisani. Alifika akiwa bila viatu, akaketi chini vumbini, akalia kuliko kwaya nzima ya Mahango.

"Baluku we! Umeniachia nani? Nani atanigombeza asubuhi? Nani atasema nimesogeza jiwe la mpaka?"

Shuka likatikisika.

"Mimi," akasema Mzee Baluku, akatokea na koti lake. "Na kweli ulilisogeza."

Siwezi kueleza vizuri kilichofuata. Mtu wa turubai aliangukia ndizi. Pikipiki moja iliondoka na matawi yake na sijui kama imesimama. Mama Masika peke yake hakukimbia. Alibaki pale chini, akafuta macho kwa kitenge, akamtazama kutoka viatu hadi kichwa.

"Mungu akusamehe," akamwambia. "Mimi niliacha sufuria kwenye moto."

Waliokimbia walipoanza kurudi, nilisimama mbele ya watu wote nikaeleza. Kule na Kambale walikuwa tayari wanafungua nyaya kuteremsha sikio, na mimi sikuwazuia, kwa kuwa sharti tulilijua. Mzee akazitazama kuni, akamtazama Mama Masika.

"Chakula kilicholetwa msibani hakirudi nyumbani," akasema. "Pikeni. Na nyinyi watoto, acheni hiyo mabati hapo, wageni wenu si wamekwisha kufika?"

Ndivyo tulivyofungua maonyesho kwa umati ambao sijaupata tena, watu wakila ndizi chini ya nyuso za Kambale na kuligongagonga sikio la Kule kwa ngumi. Mimi sikula. Nilipewa adhabu ya kupanda pikipiki na spika yangu, nizunguke Bwera yote nikitangaza kwamba Mzee Baluku yuko hai na anasalimu.

Tangu hapo najaribu spika kwa sauti yangu mwenyewe, nikisema jina langu na habari za hali ya hewa, na kilio sikifungulii uani kwa mtu hata nikipigiwa magoti. Lakini kinachonikereketa zaidi kama mtu wa sauti ni kwamba kilio pekee cha kweli siku ile kilitolewa hatua chache kutoka nilipojificha, na kinasa sauti kilikuwa kimezimwa. Mzee anakitaka. Kila nikipita ananiuliza kama nimekipata, mpaka nikaona heri niende kwa Mama Masika nimwombe akirudie, mara moja tu, kwa sanaa. Alikuwa anapalilia kahawa, hakuinua hata mgongo.

"Mwambie afe kwanza," akasema. "Na safari hii afe vizuri."